Wazazi Walioomba Wenyewe

Shule ile haimfukuzi mtu. Wanalirudia hilo kila mkutano wa wazazi, nasi tunapiga makofi. Shule ile humpa mzazi karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: *Mimi mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa naomba, kwa hiari yangu, mwanangu aahirishe mtihani wa mwisho.* Mzazi anatia sahihi. Wanaobaki ndio wanaofanya mtihani, wastani wa shule unapanda, mkuu wa shule anapigwa picha na kombe. Walioomba kwa hiari hawamo pichani.

Karatasi hiyo naijua tangu baba yangu aliposaini ya kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, hesabu zilinishinda, na hakuna aliyeniuliza zilinishindia wapi. Tangu siku hiyo imepita miaka ishirini na sita. Yote niyajuayo nimejifundisha kwa vitabu vya kuokota, na barua nilizowaandikia wakubwa kuhusu karatasi ile zimekuwa nyingi hata karani wa elimu akiniona mlangoni tu anaweka simu sikioni, hata kama imezimwa. Kazi yangu ni cherehani. Kusahau si kazi yangu.

Kaka yangu, niliyemtangulia kwa miaka minane, ni mpaka rangi wa nyumba. Tunakaa nyumba moja, chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na binti yake amekulia chini ya meza ya kukatia. Tunamwita Sindano kwa wembamba wake. Anataka uuguzi, na chuo cha uuguzi hakimtazami mtu usoni kama cheti chake hakina hesabu.

Mwalimu wao wa hesabu wanafunzi wamempa jina la Kipeo. Ana desturi yake: kila baada ya jaribio anasoma alama kwa sauti, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na darasa linahama viti kufuata alama hizo. Safu ya nyuma inaitwa Mkiani. Sindano amekaa Mkiani miaka miwili. "Mkiani, mko hai?" Kipeo huuliza, na darasa zima linacheka, hata wa Mkiani wenyewe, kwa kuwa asiyecheka huulizwa swali. Ikafika mahali mtoto akiona herufi karibu na namba anafunga daftari.

Basi nikamweka mezani kwangu. Kila jioni, miezi mitatu.

"Soma swali."

"Mzingo wa mstatili ni themanini na nne. Urefu ni mara mbili ya upana, ongeza tatu. Tafuta upana. Shangazi, hii siiwezi."

"Hujaigusa, unajuaje? Nusu ya mzingo?"

"Arobaini na mbili."

"Humo mna vipande vingapi vya upana?"

Akahesabu kwa vidole. "Urefu una viwili. Na upana wenyewe. Vitatu... na ile tatu ya juu."

"Ile tatu ya juu ni nafasi ya mshono. Unagawa kitambaa na mshono ndani yake?"

"Naondoa mshono kwanza." Akaandika pembeni. "Thelathini na tisa. Kwa tatu. Kumi na tatu! Shangazi, ni kumi na tatu?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni mbumbumbu, nina karatasi ya kuthibitisha."

Alicheka mpaka akaegemea cherehani. Sikuwa nimesikia kicheko chake siku nyingi.

Ukaja mtihani wa majaribio. Aliye chini ya thelathini, mzazi wake huitwa kuja kutia sahihi karatasi ile. Alhamisi alirudi na mtihani wake ameukunja mara nne. Juu, kwa wino mwekundu: sifuri. Chini yake: *AMENAKILI*.

Nikaufungua. Maswali ishirini, niliyakokotoa yote mezani, kumi na manne yalikuwa sahihi. Lakini ukurasa ulikuwa mweupe kama sahani iliyolambwa. Jibu, jibu, jibu. Njia hakuna.

"Njia iko wapi?"

"Nilifanya kwa penseli."

"Iko wapi?"

"Nilifuta, Shangazi. Kama chaki."

Nilikaa. Tangu ana miaka sita nimemwambia, tena kwa kumpiga kikofi mkononi: mteja haoneshwi chaki. Unachora, unakata, unashona, halafu unapangusa alama zote kabla nguo haijatoka mlangoni, maana nguo yenye chaki ni nguo ya mwanafunzi wa ufundi. Hakuna mtoto mwingine shuleni pale ambaye angefanya kosa hilo. Nilimfundisha mimi.

Kesho yake asubuhi nilifunga karakana, tukaenda wote wawili. Kipeo alikuwa peke yake chumba cha walimu, amezungukwa na madaftari. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko nilivyomchukia. Kola yake ilikuwa imechanika mshono.

"Mwalimu, huyu hakuiba. Kosa ni langu." Nikamweleza habari ya chaki.

"Mama, kila mzazi ana hadithi."

"Basi usinisikilize mimi. Mpe swali."

Akatazama saa. Akampa swali, si jepesi, na kipande cha karatasi. Sindano alishika kalamu. Akaandika mstari wa kwanza. Akakwama, nami nikauma ulimi. Akaandika wa pili, wa tatu, wa nne, bila kugusa kifutio. Kipeo akampa la pili. Akalifanya. Akampa la tatu, akakosea katikati, akarudi mwenyewe juu kutafuta alipopotea, akapaona.

Kipeo alivua miwani.

"Nani alikufundisha kuondoa hii kwanza?"

"Shangazi."

Akavuta faili. "Mama, huyu mtoto anaweza. Lakini baba yake alipita hapa saa moja asubuhi, akielekea kazini na ndoo zake za rangi. Tulimpigia simu jana."

Karatasi ilikuwa juu kabisa. Sahihi ya kaka yangu, na pembeni alama ya kidole gumba, rangi nyeupe ya ukutani.

"Ichane."

"Orodha iko kwa mkuu tangu saa mbili."

"Mwambie ulichoniambia."

"Nimeshawahi kumwambia, kuhusu mtoto mwingine." Akashusha sauti. "Tafadhali usiseme kwamba nimesema."

Naye mkuu nilimwona. Alinisomea maneno *kwa hiari yangu*, taratibu, kidole kikifuata mstari, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Jioni kaka alirudi na ndoo zake. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua.

"Ulisaini nini?"

"Walisema ameiba, dada. Wakasema nikisaini, jambo litaishia hapo."

"Hukuweza kuniuliza?"

"Nikuulize wewe?" Hakupandisha sauti. "Nilikuwa na miaka tisa, nakusikia unavyolia na hesabu zako chumbani. Baba aliposaini, ukaacha kulia. Nikajua hivyo ndivyo mtoto anavyookolewa."

Sikuwa nimeacha kulia. Nilihamia nyuma ya nyumba, wasinisikie, na miaka yote hiyo sikumwambia.

Sindano alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, amesikia yote. Alimwambia baba yake, "Shikamoo," akapita kwenda kuvua viatu nyuma ya nyumba.