Pedi ya Marehemu Mfaume

Baada ya sala ya alasiri Sabra alifungua kibanda chake cha gemu pale Kilindoni, akafuta vumbi la televisheni, akachomeka pedi mbili za kuchezea, kisha akatandika taulo juu ya stuli ya kushoto. Stuli hiyo ni ya mdogo wake Mfaume. Tangu azikwe, Mfaume huja kucheza kila siku, na nguo zake hazikauki.

"Shikamoo dada," Mfaume akaamkia mlangoni.

"Marahaba. Ndala zako ziache nje."

Sabra ana mvi sasa, na gemu hajaiacha. Walianza pamoja, yeye na Mfaume, na kile kigemu cha mkononi cha kupanga matofali, wakapokezana mpaka vitufe vikazama. Mume wa kwanza alimwacha kwa sababu ya wali ulioungua yeye akipigania hatua ya mwisho. Sabra alisema wali hupikwa tena.

Siku hiyo kibanda kilijaa, ila hakikuwa na kelele, maana Mansuri alikuwa anakuja. Mansuri ndiye mwenye boti yenye mashine ya hewa, ile inayosukuma pumzi ndani ya mpira hadi kwa mzamiaji anayevua huko chini. Uvuvi huo umekatazwa. Mfaume alifia kwenye mpira huo, na msibani Mansuri alieleza kuwa jini wa mwambani kamchukua. Watu wakaitikia dua. Sasa alimtaka Luqmani, kitinda mimba wao, azamie kesho.

"Usiende," Sabra alimwambia.

"Dada, kazi ni kazi," akajibu Luqmani, ameegemea mlango.

"Basi angalia kwanza mechi hii."

Mansuri akaingia, akaketi stuli ya kulia.

"Vipi Mfaume?"

"Alhamdulillahi, nasukuma."

"Ulipokuwa hai hukunifunga hata mara moja. Maiti ndio utaweza?"

Watu wakacheka kidogo.

Sheria ya kibanda kila mtu anaijua: husimamishi gemu mwenzio akiwa anashambulia. Mechi ilikwenda bila bila mpaka karibu na mwisho. Hapo Mfaume akanyang'anya mpira, akawapita mabeki, akabaki na kipa peke yake. Kidole cha Mansuri kikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Picha ikaganda. Mfaume naye akakatika pumzi. Midomo ikageuka rangi, mikono ikawa inavuta kitu hewani, inavuta na kuachia, ile ishara ya wazamiaji ya nipandisheni. Maji ya chumvi yakamtoka puani, yakatambaa sakafuni na vidagaa ndani yake. Waliokaa mbele wakanyanyua miguu.

"Achia, Mansuri," Sabra akasema.

"Ngoja."

"Unangoja nini?"

Mansuri alikuwa ametega sikio upande wa bahari. "Boti ya doria," akasema taratibu. "Mashine ina kelele. Siku ile niliizima kidogo tu, wapite. Wao wakasimama."

Sabra akamnyang'anya pedi, akabonyeza mwenyewe. Mfaume akavuta pumzi, akakohoa, akapiga. Goli.

"Umemsimamishia mwenzio akishambulia," akasema Mzee Hafidhi, nahodha wa boti ya Mansuri. "Wiki nzima hushiki pedi."

Mansuri hakubisha. Sheria ni sheria. Lile la mashine hakuna aliyeligusa. Wengi mle ndani walikula kwenye boti ile.

Sabra akamgeukia Luqmani. "Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Basi?"

"Basi doria haipiti kila siku."

Mansuri akamwambia awahi pwani baada ya sala ya alfajiri, asile kitu kizito. Luqmani akaitikia. Kisha akachuchumaa kando ya marehemu kaka yake, akamuuliza kama huko chini kuna baridi sana.

"Utazoea," Mfaume akasema, macho yake yako kwenye kioo cha televisheni.