Gari Lisilo na Mlio

Gari lilifika Kasulu likiwa mgongoni mwa lori. Watu wa kijiji cha Heru Juu walilicheka kabla hawajaliona: gari zima, jipya, limebebwa kama mgonjwa kutoka Dar es Salaam, kisha linashushwa mjini na kuambiwa likatunze mazingira.

Ilikuwa Novemba 2015, mvua zimeshika. Mwenye gari alikuwa Lusajo, mwanamuziki ambaye kila kijana wa bodaboda alikuwa na sauti yake kwenye simu. Alizunguka na kampeni ya hewa safi: Kasulu, halafu Kibondo, mwisho kambi ya Nduta iliyokuwa imefunguliwa upya kwa ajili ya Warundi. Gari lake lilitumia petroli na betri. Likienda polepole injini ilijizima, betri ikalisukuma.

Nyuma yake yalikuja magari makubwa ya dizeli, ya walinzi, wapiga picha na maji ya chupa. Asubuhi msafara ulipopanda Heru Juu, yaliegeshwa mbele ya zahanati, injini zikinguruma. Asnath, tabibu wa zahanati, alitoka na glovu mikononi.

"Dereva wa hili ni nani? Zima."

"Mama, tunachaji kamera."

"Ndani nina kichanga kilichozaliwa alfajiri, nacho unakichaji moshi. Zima."

Anatoli, mtendaji wa kijiji, alikuja mbio, tai imemkaba. "Daktari, taratibu. Hawa ni wageni."

"Basi wakumbushe kwamba ni wageni."

Lusajo alishuka mwenyewe. Alikuwa kijana mpole kuliko nyimbo zake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeiokoa hewa?"

Wajawazito waliokaa kwenye benchi wakicheka pembeni wakanyamaza ili wasikie.

"Mama, najua gari moja haliokoi dunia," Lusajo alisema. "Lakini watu wananitazama. Nikiendesha hili, kijana mwenye pesa atataka kama hili. Baadaye wa pili, wa tatu. Jina langu linafanya kazi ambayo gari peke yake haliwezi."

"Kwa kijana mwenye pesa, sawa. Hapa watu wanakwenda kwa miguu. Umekuja kumfundisha nani kupunguza moshi? Moshi wenyewe umekuja nao."

"Mwache, Daktari," alidakia Odilia, mimba ya miezi minane mbele yake. "Labda atatuachia hilo gari tubebee mihogo."

"Mihogo gani?" Asnath alimjibu. "Huoni tumbo la gari lenyewe linagusa ardhi kama lako?"

Benchi zima lilicheka. Lusajo hakucheka. Aliyatazama magari ya dizeli moja baada ya jingine.

"Mama amesema kweli," alisema. Akamwita kiongozi wa msafara. "Tangulieni wote. Mkanisubiri barabara ya Kibondo, na msirudi mpaka niwaite. Mimi nitashuka peke yangu na mpiga picha mmoja, kwa betri. Sitaki moshi wala kelele kwenye video."

Anatoli alipiga makofi. Asnath alirudi ndani, akaridhika. Mngurumo ulishuka mlima, ukapungua, ukaisha. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na kijiji kikatulia kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Heru Juu njia ya shambani ndiyo hiyo hiyo barabara ya magari. Mtu anatoka shamba na mzigo kichwani, shingo imenyooka, hawezi kugeuka. Hatazami nyuma. Anasikiliza. Lori linasikika tangu likiwa chini kabisa, na mtu anapata muda wa kumaliza maneno yake kabla ya kusogea. Ndivyo kila mama alivyomfundisha mwanawe. Asnath naye alimfundisha binti yake Recho hivyo hivyo, kwa kifupi kama alivyofanya mambo yote: ukisikia mlio, ingia mtaroni, usiposikia, barabara ni yako.

Asnath alikuwa anampima Odilia shinikizo la damu mwanamke huyo alipouliza, "Na yule msanii bado yupo? Nilitaka anipigie honi mtoto acheze tumboni."

"Bado. Sijasikia gari."

Aliposema hayo mkono wake ulisimama kwenye pampu. Aligeuka dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu. Kwenye tope, chini kabisa ya dirisha, palikuwa na alama mpya za matairi.

Recho alikuwa ameenda kukata majani ya mbuzi kwenye kona ya chini. Angerudi kwa barabara, mzigo umemfunika mpaka masikioni.

Asnath alitoka mbio bila kuvua glovu. Ukungu ulimfikia kwenye mikaratusi. "Recho! Pembeni! Recho!" Sauti yake haikwenda mbali. Mbele yake alitokea Gasper wa bodaboda akiisukuma pikipiki, uso umempauka.

"Daktari, lile gari limenipita kama paka! Nilikuwa nafunga mnyororo, nikaona tu limeshanipita."

"Washa. Nipeleke chini."

Walishuka. Kitu cha kwanza walichokiona kwenye kona ni majani, yametapakaa barabara nzima, mabichi. Kisha gari jeupe, pua ndani ya mtaro, tumbo limekalia ukingo wa mawe, magurudumu ya nyuma hewani. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kioo cha mbele ya usukani iliwaka picha ya jani la kijani, taa ya kumsifu dereva anayeendesha kwa kuhurumia mazingira.

Lusajo alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Mpiga picha alisimama kando, kamera ikining'inia shingoni.

"Hakugeuka," Lusajo alisema. "Nilidhani ananisikia. Alikuwa katikati, nikajua atapisha, watu wote hupisha. Honi nimepiga mwishoni."

Asnath alimpita, akachuchumaa kando ya mwanawe. Recho alikuwa macho, midomo imekauka. "Mama, sikusikia mlio," alisema, kama mtoto anayejitetea asichapwe.

"Najua. Usijitikise."

Paja la kulia lilikuwa limevunjika na kuvimba. Asnath alishika mguu juu ya kidole gumba, akatafuta mapigo. Yalikuwepo, madogo. Alishika mguu wa pili kulinganisha. Ulioumia ulikuwa wa baridi zaidi. Huo ulikuwa mguu wa kufika hospitali ya mjini upesi, si wa kungoja.

"Wapigie waliotangulia."

"Simu haishiki, mama. Nimejaribu."

"Gasper, wafuate. Waambie warudi na gari lolote, lenye moshi kuliko yote."

Kwenye pikipiki mtoto asingeweza kukaa. Mfupa ungemkata mshipa. Asnath alivunja vijiti vya mkaratusi, akavifunga pajani kwa kitenge chake. Watu waliosikia kelele zake walianza kutokea kwenye ukungu, na Anatoli akaja na machela ya kijiji, ile ya kubebea wagonjwa na maiti. Wanaume wanne waliingiza mabega. Lusajo alimsogeza mmoja, akashika mahali pake, viatu vyake vyeupe vikizama kwenye tope.

"Mama, nilifanya ulichosema," alisema kwa sauti ya chini. "Niliwaondoa."

"Shika machela sawasawa. Usimtikise."

Walianza kushuka, wakibadilishana mabega. Gari lilibaki nyuma, jani la kijani likiendelea kuwaka bila mtu wa kuliona. Hakuna aliyeimba, ingawa machela huimbiwa. Walitaka kusikia injini ya dizeli ikipanda. Kila baada ya muda mtu alinyanyua mkono, wote wakasimama, wakasikiliza. Palikuwa na matone tu yakianguka kutoka kwenye miti. Wakaendelea.

Asnath alitembea nyuma kabisa, mkono mmoja kwenye mguu wa mwanawe. Kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama ukungu nyuma yao. Na waliokuwa mbele, watu wazima waliozaliwa kwenye barabara ile, nao walianza kugeuza shingo.

"Mama," Recho aliita, "wanatafuta nini?"

Asnath alibonyeza tena juu ya kidole gumba, akitafuta mapigo, akahamisha kidole, akabonyeza tena. Ngozi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Kimbieni," aliwaambia wabebaji.