Maji Yatoke Meupe

...na bado anasubiri, Daktari Oyat, kidole juu ya karatasi iliyotoka mashineni, kwenye damu ya mbuzi dawa tele, kwenye utando wa ndani wa koo la hewa karibu sifuri, mbuzi sita, wote sifuri, "Lailah, hii dawa haiingii kabisa, leo naandikia wao, wenye dawa, tunaacha," na mimi nimeshika kichupa cha mwisho cha sampuli ndani ya barafu, vidole vinakufa ganzi, nasema ndiyo Daktari, ndiyo gani, mwongo wee, dawa iliingia, mimi ndiye niliyeitoa... kitabu cha kazi kinasema futa damu kwa karatasi, basi, usiloweke, nimekisoma mara ngapi, lakini siku ile ya kuwachinja vipande vya koo vilikuwa vyekundu mno na mikono yangu ikakumbuka kwetu Luzira, mama na beseni la matumbo asubuhi ya Idd, "wewe Lailah, osha mpaka maji iwe nyeupe, unataka wageni waseme mtoto ya Halimah ni mchafu?", nikafungua bomba, nikasuuza, nikakamua, tena nikaona raha, vimetakata kama vya kupika, kumbe dawa yote inashuka na maji kwenye sinki, mazoea yana taabu... "Barafu inatosha?" inatosha, Daktari... nikinyamaza nani atajua, dawa itatupwa tu, ngapi zimeshatupwa, lakini hii ni ya kifua, na kifua cha kaka yangu Swaib kinalia kila mvua ikinyesha, zile dawa za zamani hazimsaidii tena, nikisema watachinjwa mbuzi wengine sita, na yule mwenye sikio lililopasuka alikuwa akinifuata mpaka mlangoni akidhani nina maganda ya matoke, kafa bure, nimemuua bure, na kazi nayo labda ndiyo kwaheri... naogopa, wallahi naogopa, mama angesema mficha uchi hazai, halafu angecheka mpaka machozi, mwanamke gani anafukuzwa kazi kwa usafi... "Lailah, kuna nini?" kidole bado juu ya karatasi, kichupa bado mkononi, lakini neno la kwanza nimeshalipata, nitaanza na bomba, Daktari, mimi nilifungua bomba.