Sentensi Waliyomkatia Mama

Kwenye blogu hii nimezoea kuwaandikia mambo ya lenzi, mwangaza na jinsi ya kumhoji mtu bila kumtisha. Leo nina hasira, na sitaomba radhi.

Mnamkumbuka Kepher, yule mwongozaji wa filamu kutoka Nairobi niliyekuwa nikimsifu hapa? Alikuja kwetu Boito kupiga filamu ya wakulima wadogo wa chai. Akampenda mama yangu, Tecla. Nani asingempenda? Kwa miaka mingi mama ndiye anayekagua majani kwenye kituo chetu kabla lori la kiwanda halijafika. Majani mawili na kichipukizi, basi. Ukimletea magumu anakurudishia, hata kama wewe ni dada yake.

"Mama, jaza kikapu kipendeze," Kepher akamwambia. "Chuma hata hayo makubwa. Shindilia kidogo."

Mama akacheka. Kwetu mgeni hanyimwi kitu. Akachuma matawi kama ya kulisha ng'ombe, akashindilia kwa mikono miwili, kisha akatazama kamera na kusema wazi: "Haya ni ya picha tu. Ukishindilia, majani yanapata joto, yanaungua. Haya siyapeleki kituoni." Nilikuwa hapo. Maiki nilishika mimi!

Filamu ilipotoka, maneno hayo hayakuwemo. Kushindilia kumo, tena kwa karibu kabisa, na muziki wa huzuni juu yake. Kipande hicho kikaingia WhatsApp ya wakulima wiki ile ile ya kuchagua kamati ya kituo, na asiyekuwa kwenye kamati hakagui majani.

Nikampigia Kepher simu.

"Fancy, ile sentensi ilikuwa inaharibu mdundo," akaniambia.

Mdundo, ati! Shenzi kabisa. Nikamwomba anitumie kipande kizima niwaonyeshe watu. Akasema hiyo ni mali ya kampuni, akakata simu.

Uchaguzi ulikuwa jana. Hapa tunachagua kwa mlolongo: mgombea anasimama, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Gibson, ambaye mama amemrudishia majani mabovu mara ngapi sijui, mstari wake ulifika barabarani.

"Tecla, kumbe sheria ni za sisi tu?" akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

Nyuma ya mama nilisimama mimi peke yangu. Hata shangazi Phyllis, dadake wa tumbo moja, alikuwa kwenye mstari wa Gibson, anatazama viatu vyake. Nilitamani kumtukana kila mtu pale kwa jina.

Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akagusa begi langu.

"Kamera iko?"

"Iko, mama."

"Toa upige. Mimi na mstari wangu. Na wewe usikate kitu."

Ili nimpate kwa mbele, ilibidi nitoke kwenye mstari. Nikatoka. Video iko hapo chini, nzima. Ndiyo maana hamwoni mtu nyuma yake.