Mwanaume Havai Nepi

Rodgers wa Ipagala alijiona ndiye mzamiaji hodari kuliko wote katika mkoa usio na bahari, na kwa kuwa hakuna aliyejali kubishana naye, akaamini. Alitembea kifua mbele, miwani ya jua usoni hata siku za mawingu. Kampuni yao ndogo ilisafisha machujio ya mabomba chini ya mabwawa, na asubuhi hiyo bosi wao, Bi Zaitun, alikuwa amesema wazi kwamba kazi ikiisha atamtaja kiongozi wa wazamiaji. Rodgers alishawatangazia hata wauza nafaka wa soko la Majengo kwamba ni yeye.

Mshindani wake alikuwa Penina, na Rodgers alimdharau kwa sababu moja tu: alivaa nepi. Nepi za watu wazima, alizonunua duka la dawa mchana kweupe bila hata kuomba zifichwe kwenye mfuko mweusi. Bwawa la kazi ya siku hiyo lilikuwa na kichocho, ndiyo maana walizama na suti nzito zisizopitisha tone, zinazobana shingoni na mikononi, zenye zipu mgongoni ambayo huwezi kuifungua mwenyewe. Ukishafungiwa humo, haja ndogo ni wewe na Mungu wako.

"Nepi ni za watoto na wagonjwa," Rodgers alisema wakishusha mitungi ya hewa. "Mimi najizuia."

"Sawa, kaka," Penina alijibu, akaendelea kupaka nta kwenye zipu.

Kujizuia kwenyewe kulikuwa kutokunywa kitu tangu anapoamka, upuuzi ambao bosi alishamkanya mara nyingi. Lakini Mama Hana, mwenyekiti wa kijiji cha hapo bwawani, alikuwa amewapikia wageni uji wa uwele. Rodgers akatoa shikamoo ya kusikika, akapokea bakuli, na kwa kuwa kina mama walikuwa wanamtazama, akalimaliza na kuomba la pili. Mtu mwenye akili zake angesema asante, nimeshiba. Yeye hakutaka ionekane ameshindwa na uji.

Chini kulikuwa na giza na baridi. Wakawa wanang'oa magugu kwenye chujio, Penina taratibu upande wake, Rodgers kwa mbwembwe ambazo hakuna aliyeziona. Uji ukaanza kudai. Akabana mapaja, akawaza kiti cha uongozi, akabana tena. Kisha gogo likamgusa mguu, akashtuka, na bwana mkubwa akajikojolea mpaka kwenye soksi. Kwa dakika ile alisikia raha, tusimsingizie.

Alipotoka, Bi Zaitun alimfungulia zipu akakuta nguo za ndani zimelowa chapachapa.

"Nini hiki?"

"Suti inavuja, bosi. Penina ndiye aliyeikagua."

Aliyasema bila hata kupepesa macho. Penina alisogea karibu, pua yake ikampa jibu.

"Suti niliijaza upepo jana kuipima, haivuji," alisema. "Kaka Rodgers, mimi nimekojoa humo chini na sijapungukiwa kitu. Sema tu na wewe, yaishe."

Mama Hana na wenzake walikuwa wamesimama pale pale na masufuria yao. Mmoja alicheka kwenye khanga.

"Mimi ni mwanaume," Rodgers alisema. "Haya ni maji ya bwawa."

Bi Zaitun alimtazama, na huruma haikuwemo.

"Kama ni ya bwawa, basi kichocho kimekugusa. Vua hapa hapa, uoge, uende hospitali. Vipimo havionyeshi mapema, kwa hiyo huzami kwa miezi kadhaa mpaka ijulikane u mzima, na timu ataiongoza Penina. Kama si ya bwawa, niambie sasa hivi."

Neno moja lingemwokoa, na alilijua. Alifungua mdomo, akawaangalia wale kina mama.

"Ni ya bwawa," alisema, na Bi Zaitun akamgeukia Penina kumuuliza kesho waanze saa ngapi.