Usitikise Kichwa

...na tena anauliza nani atamwangalia mtoto, mjomba, sauti inakwaruza kutoka kwenye simu ambayo mama ameilaza juu ya mkono wa kochi na kuifungulia spika ili na mimi nisikie, kana kwamba niko mbali, wakati niko hapa hapa sakafuni, juu ya mto, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama kama zimeona mwizi, baba yake atamwangalia, anajibu mama, lakini baba yake ni mwanaume, dada, anasema mjomba, na mimi nacheka moyoni, ndiyo mjomba, ni mwanaume, ndiyo maana tukampa cheo cha baba, sisemi lakini, nikifungua mdomo taya litacheza na kichwa nacho, na msusi ameshanionya, usitikise kichwa, dada, njia zitapinda, nami sitaki zipinde, nimemwomba azilaze kabisa, kusiwe na kifundo hata kimoja juu ya masikio, maana visikilizio vya rubani vikikandamiza kifundo safari nzima maumivu yanashuka mpaka kwenye meno, wenzako wanasuka wapendeze, aliniambia huku akizichambua, wewe unasukia kazi, mimi nataka vyote viwili, nikamwambia, nataka kupendeza na nataka kazi, akacheka, na lile neno nataka likaniachia ladha ngeni mdomoni, sijui mara ya mwisho nililitamka lini bila kulisindikiza na sababu... simu yangu mimi imelala kifudifudi pajani, watu wa kampuni ya ndege ya ng'ambo wanangoja jibu leo, kabla hawajafunga ofisi, nakuja au siji, mkataba wa miaka miwili, wiki nyingi kule na siku chache hapa, na kiti cha kushoto, na hilo la kiti mjomba haliulizi, anauliza uji wa mtoto na homa ya mtoto, kiti cha kushoto ni cha kapteni, mjomba, mimi nimekaa cha kulia, cha msaidizi, tangu kabla Chiriku hajazaliwa, Chiriku ndiye mtoto mwenyewe, tulimpa jina hilo kwa sababu hafungi mdomo hata akiwa usingizini, nimekikalia kile kiti mpaka nakijua kinalia wapi, na kila nikiulizia zamu yangu naambiwa vuta subira, ndege ni chache, makapteni wana afya zao, hakuna anayetaka kustaafu, halafu kijana niliyemfundisha mwenyewe kutua upepo ukipiga ubavuni, kijana wa watu, hana kosa lolote, kanipita na kukaa kushoto, nikampongeza, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma...

...inua kidevu kidogo, dada, hapo hapo, na mkono wa msusi unanikumbusha mkono mwingine, wa yule kapteni tunayemwita Breki, si kwa ubaya, ni kwamba hata siku ninayorusha mimi, usukani mkononi mwangu, mkono wake ndio unaoshika vishikio vya nguvu za injini tunapokimbia ardhini ili tupae, sheria ndivyo inavyosema, kapteni ndiye anayeamua kusimama au kuendelea, mpaka mwendo ufike pale ambapo ukisimama utaishia majanini, hapo anatamka neno lake, anaondoa mkono, na kuanzia hapo ni kwenda tu, hata injini moja ikizima ni kwenda, sigombani na sheria, ni sheria nzuri, imeokoa watu, ninachotaka ni mkono uwe wangu, niuweke mwenyewe na niuondoe mwenyewe, ule wa Breki una vinyweleo vyeupe na saa kubwa, nimeutazama miaka na miaka, naujua kuliko mkono wa mume wangu... mtoto wa kike ana mipaka yake, anasema mjomba, marehemu baba yake angekuwepo, na mama ameziba simu kwa kiganja, ananiinamia, ananing'ata sikio, mwanangu, mwambie unakwenda kwa ajili ya mtoto, atatulia, hakuna atakayekunyooshea kidole, mwambie unajitesa kwa ajili yake tu, na analisema kwa upendo, mama yangu, ananipa ufunguo ambao umefungua milango mingi kabla yangu, na aibu ni kwamba mimi ufunguo huo tayari ninao, nimeiandaa hotuba, nimeifanyia mazoezi bafuni, shule nzuri, maisha mazuri, mama gani asingefanya hivyo, na mbele ya kioo hata machozi yalitoka kwa wakati wake, ningekuwa mwigizaji.

Baba yako anateseka huko kwa ajili yako... hivyo ndivyo mama alivyotulea, baba aliendesha kreni kwenye bandari ya mbali, akija mara moja moja na sanduku, nikifeli hesabu, baba yako anateseka huko na wewe unamletea sifuri, nikivunja sahani, baba yako anateseka, nikawa namwona amebeba ile kreni mgongoni, chakula kikanikaba, mtoto mdogo nikajiona mkosaji kwa kuzaliwa tu, halafu amerudi, amezeeka, amelala hospitali anatafuta pumzi, na mimi nimekaa kando ya kitanda, ananisimulia kule juu, asubuhi, makontena yote chini yake na hakuna mtu wa kumgombeza, macho yanamng'aa, niliipenda ile kazi, mwanangu, wee acha tu, niliipenda mno, usimwambie mama yako, nikacheka naye, nikamfunika shuka vizuri, nikatoka hadi koridoni nikalia kwa hasira, kwa sababu utoto wangu mzima nimelipa deni ambalo hakuna aliyenikopesha, na kama baba angeniambia tu niliipenda, ningemkasirikia, ningemsamehe, tungekula chakula chetu... na uani nyundo inagonga, mume wangu, fundi friji, anatengeneza la jirani, kikaoni hajaingia, juzi mchana nilimfuata hapo uani na hotuba yangu, nakwenda kwa ajili yenu, nikaanza, shule, maisha, akaniacha niimalize, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema nenda, mimi na Chiriku tutajipanga, ila usiniambie unakwenda kwa ajili yetu, kisha akaingiza kichwa ndani ya friji lake, nikanuna, tangu siku hiyo simsemeshi ila kuulizia chumvi, nikidhani kanisusa, na sasa, shingo imekakamaa, kitana kinanichimba utosini, ndiyo kwanza linaniingia, hakunisusa, alikataa tu kubebeshwa deni, na alikataa Chiriku naye abebeshwe... nitakosa meno yake yakiota, nitakosa homa zake, nitalia kwenye vyoo vya hoteli huku maji yamefunguliwa ili jirani asisikie, najua, lakini machozi hayo ni yangu, sitamtuma mtoto akalie kwa niaba yangu, na akikua akaniuliza, mama, kwa nini uliondoka, nimtazame usoni nimwambie nilitaka, nakupenda na nilitaka, vyote viwili, akasirike kama ni kukasirika, atajua hasira yake aielekeze wapi, mimi yangu sikujua... haya, anasema mjomba, muulizeni mwenyewe basi, anakwenda kwa ajili ya nini hasa, na mama ananisogezea simu mdomoni, ananikonyeza, kwa ajili ya mtoto, si ndiyo, mwanangu, anasema kwa sauti ili mjomba asikie, nyundo uani imenyamaza, msusi amelishika fungu la nywele juu ya sikio la kushoto, amelikaza, tulia, usitikise kichwa hapa, na mimi natikisa, kulia, kushoto, kulia, ngozi inavutika mpaka macho yananijaa maji, dada, anasema msusi, na mjomba anauliza amesemaje, hajasema, anajibu mama, ametikisa kichwa, kwa hiyo haendi, anasema mjomba, na sauti yake imepata nafuu, nakwenda, mjomba, nasema, na kichwa bado kimebanwa na magoti, nakwenda kwa sababu nataka, mama ameshika shavu, na msusi anapitisha kidole kwenye ngozi ya kichwa changu, anaguna, njia imepinda, itabidi nifumue hii, fumua, namwambia.