Mteja Asiye na Picha

Mimi mtu anayeficha uso simwamini, awe mlangoni au kwenye simu. Kwa hiyo akaunti ile isiyo na picha ilipoanza kuulizia magauni yangu ya harusi, nilimwambia mtoto wa mdogo wangu, anayetunza ukurasa wetu, "Huyo hanunui. Huyo anachungulia."

"Mama mkubwa, kila anayeuliza ni mteja," akasema. "Anajibiwa haraka na kwa adabu. Ndiyo sheria ya ukurasa."

Sheria hiyo aliiweka binti yangu, ndiye aliyeufungua ukurasa. Kisha akachagua mwanamume nisiyemtaka, tukarushiana maneno hapa hapa kwenye meza ya kukatia, nami nikamwambia sitamshonea hata leso. Akaondoka. Tangu hapo hapigi simu, nami sipigi. Ukaidi ameurithi kwangu, na unaniuma.

Sasa huyu asiye na picha hakuuliza kama wengine. Wateja huuliza bei na rangi, basi. Yeye alitaka kujua bitana ni ya kitambaa gani, mshono wa ubavuni unaachiwa nafasi kiasi gani, kola inasimamishwa na nini. Nani anauliza hivyo kama si fundi? Na fundi mwenyewe namjua: Bi Mapicha wa ng'ambo ya barabara. Nikitundika gauni leo, keshokutwa la kwake lina mikono ile ile. Msimu wa harusi ndio unaotulisha mwaka mzima, akiniibia mishono nimekwisha.

"Mjibu tu," mpwa wangu alisisitiza.

Nikamnyang'anya simu nikaandika: "Bibi harusi wa kweli ana mwili. Leta vipimo, au kachungulie kwingine."

"Umetuaibisha," akasema, uso umemshuka.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Subiri uone."

Mtego wangu ulikuwa mwepesi. Vipimo vya kubuni havipatani: mtu atakupa kifua cha mama mzima na kiuno cha mtoto. Fundi aliyezeeka na futi shingoni huunusa uongo huo upesi.

Vipimo vikaja jioni, tukifagia vipande vya vitambaa. Nikavaa miwani, nikavinakili kwa chaki juu ya meza, nikitafuta kosa. Kifua kilipatana na kiuno. Mgongo nao ulikaa sawa. Halafu nikafika mabegani. Alikuwa ameyatenganisha, la kulia mbali na la kushoto mbali, na la kushoto lilikuwa chini kidogo.

Bega hilo habuni mtu. Nimelishonea sare za shule, nikilitia sponji upande mmoja ili wenzake wasimcheke, tangu alipoanguka kutoka kwenye meza hii hii.

Nikakaa. Mpwa wangu akauliza kama kweli ni Bi Mapicha. Nikatikisa kichwa, nikaivuta simu kwangu.

Niliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: "Vipimo vimefika. Bega nitalitia sponji kama zamani. Harusi ni lini, na mama yako amealikwa?"

Akaanza kuandika, akaacha, akaandika tena.

"Nilijua mimi hutanijibu, mama. Nikadhani mteja utamjibu vizuri."